Mheshimiwa Muuza Ndagala

Wiki tatu kabla ya uchaguzi, Herménégilde alianza kuuza ndagala akiwa amevaa tai.

Ilikuwa tai nyekundu, pana, ya kuendea harusi, na kila alipoinamia ndoo ya samaki wakavu ilifika kabla yake. Dancille, mkewe, aliitazama siku ya kwanza akarudi kwenye hesabu zake. Siku ya pili akamletea kibanio cha nguo. Siku ya tatu Herménégilde alitangaza kwamba kuanzia hapo ndagala zitapimwa na Dancille, maana mtu anayeomba kura hawezi kuwapa watu mkono unaonuka ziwa.

Duka lao lilikuwa chini ya ghorofa moja ndefu hapo Hallonbergen, pembeni ya jiji la Stockholm, hatua chache kutoka kituo cha treni. Juu ya mlango zilibaki herufi za chuma zilizoachwa na mzee wa Kiswidi aliyewauzia: KOLONIAL. Ndivyo Waswidi wa zamani walivyoita duka la sukari, kahawa na vitu vya kutoka mbali. Humo ndani Dancille alipanga unga wa muhogo, mawese, maharage ya njano na isombe, yale majani ya muhogo, iliyogandishwa, na kwa miaka kumi na moja Warundi, Wanyarwanda, Wakongo na Wakenya walikuja wakimwita mwenye duka Mkoloni, naye akiitika. Sasa Mkoloni alikuwa anagombea udiwani wa mji wa Sundbyberg, kwa chama kidogo sana, ambacho hata baadhi ya wanachama wake walilazimika kufikiri kidogo kabla ya kukitaja.

"Mkoloni," alisema Wilkister siku ya Alhamisi. Alikuwa Mkenya anayetunza wazee, na kila Alhamisi alikuja kutoka Akalla kununua unga. "Niwekee lile gunia kwenye kigari changu."

"Mama Belyse atakusaidia."

"Na wewe je? Mkono umevunjika?"

"Mgongo wa diwani ni mali ya wananchi, dada."

"Haya, wananchi tumekuja. Tunaomba mgongo wetu."

Dancille alicheka mpaka akashika meza, kisha akalibeba gunia mwenyewe. Hakukasirika. Mume wake alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kwa muda mrefu hakuwa amemwona akitembea hivyo, kama mtu anayesubiriwa mahali. Isitoshe, aliyoyasema kwa wapiga kura yalikuwa ya kweli. Alijua kila lifti mbovu ya Hallonbergen, kwa kuwa alikuwa amepanda ngazi zote hizo na masanduku ya watu mabegani. Akisimama kueleza habari za lifti, hata Waswidi walikuwa wanazima simu wakamsikiliza.

Dakika kumi baadaye aliingia Kuria. Huyu alikuwa na saluni ndogo Rågsved, upande wa pili wa jiji, na siku hiyo alikuwa ameshika tepu ya kupimia. Herménégilde alikumbuka ghafla kwamba kuna mabango ya kubandika, akatoka. Kuria akasalimia kwa adabu, akaanza kupima rafu ya unga.

"Unapima nini, Kuria?"

"Naangalia kama viti vinne vya saluni vitaingia hapa. Hizi rafu si mtazing'oa nyinyi wenyewe?" Aligeuka, akauona uso wa Dancille, na tepu ikajirudisha yenyewe kwa kishindo. "Mama Belyse. Mzee hajakwambia?"

Wilkister, aliyekuwa bado yupo, alichukua kopo la nyanya akaanza kulisoma kwa makini, mgongo wa kopo na kitako chake.

"Ameniambia," alisema Dancille. "Nilisahau tu. Pima."

Akamshikia ncha ya tepu mpaka akamaliza.

Jioni hiyo alipika wali na maharage, akasubiri mumewe apakue, ndipo akasema, "Umemwuzia Kuria duka."

"Sijauza. Nimempa neno."

"Neno lako au letu?"

Herménégilde alitafuna taratibu. "Bon. Nilitaka kukwambia jambo likishaiva. Nikichaguliwa, Jumamosi ya wiki ya pili baada ya kura tunatia saini, naye anachukua chumba mwezi wa kumi na moja. Nisipochaguliwa, hakuna kitu. Sasa kosa liko wapi?"

"Tutakula nini?"

"Mshahara wa diwani, mama. Diwani ana ofisi. Umeona wapi diwani akipima ndagala? Baba yangu mdogo alikuwa kwenye baraza la komini, kama halmashauri, kule nyumbani. Alikuwa na pikapu, na mtu wa kumfungulia geti."

"Nalikumbuka lile geti. Lilikuwa la zizi la mbuzi."

Binti yao Belyse, mwenye miaka kumi na tisa, alikuwa anakula kwa mkono mmoja, simu ikiwa mkono wa pili. Bila kuinua macho alisema kwa Kiswidi kwamba hiyo si kazi, pappa, ni kitu ambacho watu hufanya jioni, kama kwaya.

"Wewe kula," alisema baba yake kwa Kiswahili.

"Jag äter," alijibu Belyse, na kweli alikuwa anakula.

Dancille alimmiminia mumewe maji. "Umewauliza hao wa chama mshahara wenyewe ni kiasi gani?"

Herménégilde alitua kijiko mezani kana kwamba amesikia neno la aibu mbele ya mtoto. "Dancille. Watu wanakuletea heshima mpaka mlangoni, wewe unawauliza bei? Anayeuliza mshahara kabla ya kazi anaonekana ana njaa."

Hata Dancille alilelewa hivyo hivyo. Alipofika nchi hii alisafisha ofisi za watu miezi miwili kabla ya kuthubutu kuuliza kwa saa analipwa ngapi. Alijua mume wake angekaa hata mwaka mzima kwenye hilo baraza, amevaa tai, akingoja kwa heshima mshahara ambao hakuuliza.

Alijua pia jambo la pili. Mkataba wa chumba cha duka ulikuwa na jina moja tu. Siku ya kutia saini, miaka ile, yeye alikuwa darasani anajifunza Kiswidi, na Herménégilde alikwenda peke yake. Neno la Herménégilde lilitosha kumtoa kwenye rafu alizozipanga kwa mikono yake.

Akaondoa sahani. Usiku ule alilala upande wake wa kitanda, na mumewe, aliyekuwa anafanya mazoezi ya hotuba chini kwa chini, alimwuliza kama neno "uwajibikaji" kwa Kiswidi linaanza na a. Akamwambia ndiyo. Hasira haikumzuia kumsaidia.

Jumatatu Dancille alifunga duka kwa nusu saa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipokuwa na homa, akaenda uwanjani mbele ya maduka makubwa. Chama kilikuwa na kibanda pale, na kwenye kibanda alikuwepo Axel, mwenyekiti wa chama hapo mjini, kijana mrefu mwembamba ambaye hakuvua helmeti ya baiskeli hata alipokuwa anagawa kahawa.

Dancille alimwuliza hali yake, hali ya mama yake, na hali ya baiskeli. Alisifu kahawa. Alizungumzia mvua. Axel alijibu yote kwa uaminifu, mpaka mvua ikaisha, ikawa hakuna pa kujificha tena.

"Diwani," alisema Dancille kwa Kiswidi, uso ukimwaka, "analipwa shilingi ngapi?" Akajirekebisha. "Krona ngapi?"

"Kwa kikao?" Axel akamtajia, bila kupepesa macho, kama mtu aliyeulizwa saa.

Dancille akapiga hesabu ya haraka. Ilikuwa sawa na magunia mawili ya maharage, na kabla ya kodi. "Hiyo ni posho ya siku," alisema. "Na mshahara wa mwezi?"

"Hakuna mshahara wa mwezi. Wenye mshahara ni wawili watatu, wale wa juu kabisa. Sisi wengine tuna kazi zetu. Mimi nafundisha hesabu. Baraza linakaa jioni, mara moja kwa mwezi."

"Na mume wangu mlimwambia?"

Axel alifikiri. "Hakuuliza. Ni jambo ambalo kila mtu analijua."

Dancille alitazama kahawa yake. Wawili hawa walikuwa wamekaa mikutano mingapi pamoja, mmoja haulizi kwa adabu, mwingine hasemi kwa kuwa hakuulizwa. Alitamani kuwagongesha vichwa, helmeti na yote.

Angeweza kwenda nyumbani akasema mara moja. Lakini alijua yatakayofuata. Herménégilde angesikia kwamba mke wake alikwenda kibandani kuuliza posho, na tai ingevuliwa siku hiyo hiyo. Angejitoa. Angerudi kwenye ndoo akiwa mfupi kuliko alivyokuwa, na lifti zingebaki mbovu. Dancille alitaka duka lake. Hakulitaka kwa bei hiyo.

"Axel, mume wangu akichaguliwa, Jumamosi ya wiki ya pili njoo dukani kutupongeza. Saa nane. Nitakaanga sambusa."

"Nitakuja."

"Na usimwambie kwamba nilikuuliza."

"Kwa nini?"

"Njoo tu. Ukiulizwa jambo, sema ukweli."

"Mimi husema ukweli siku zote," alisema Axel, akashangaa kidogo.

"Ndiyo. Nimeona."

Jumapili ya kura, baada ya ibada, simu ya Herménégilde haikupumzika. Watu waliomwahidi kura walikuwa wanapiga mmoja mmoja kulalamika. Jina lake halipo kwenye karatasi. Wilkister alisema amezitafuta karatasi zote za chama chake kule Akalla mpaka msimamizi akamwuliza kama anajisikia vizuri.

"Wameniondoa," alisema Herménégilde. Alikuwa amekaa kwenye gunia, rangi imemtoka. "Wameniondoa usiku."

"Pappa." Belyse alimshika bega, na safari hii alijitahidi kwa Kiswahili. "Akalla ni Stockholm. Sisi tuko Sundbyberg. Ni treni moja, lakini si mji moja."

Herménégilde alitoa daftari alilokuwa ameandika wapiga kura wake mia moja na thelathini, watu wa kanisani, watu wa dukani, watu wa harusi. Akaanza kuwafuta. Rågsved, akafuta. Akalla, akafuta. Kwaya karibu nzima ikaondoka. Mwishoni alibaki na majina arobaini na moja, na ili mgombea wa chama kidogo kama chake apande juu ya orodha ya chama kwa nguvu ya jina lake, zilihitajika alama hamsini mbele ya jina hilo.

Jioni Dancille alisimama nyuma ya kizuizi cha mbao kwenye ukumbi wa shule, kalamu mkononi. Majina yalikuwa mengi, na mbele ya kila moja kulikuwa na kisanduku kidogo. La mume wake lilikuwa la tisa, limeandikwa "Mfanyabiashara, 52". Akiweka alama, anamsogeza Kuria hatua moja karibu na rafu zake. Asipoweka, hakuna atakayejua duniani, hata Mungu pengine angeelewa.

Alifikiria lile daftari, na jinsi mumewe alivyolifunga bila kumlaumu mtu.

Akaweka alama. Akaikolezea kidogo, wasije wakasema haionekani.

Majibu yalitoka Ijumaa: alama hamsini na nne, na kiti kikawa chake. Wazee wa Kiswidi wa ghorofa ya saba na ya tisa, ambao masanduku yao yalipandishwa kwa ngazi miaka yote hiyo, walikuwa wameweka alama bila kuahidi mtu yeyote.

Jumamosi ile Kuria alifika saa nane kasoro tano na fomu mbili za kuhamisha mkataba wa chumba. Alikuwa amevaa vizuri, na alimletea Dancille mafuta ya nywele kama kuomba radhi. Axel alifika saa nane kamili na ua moja ndani ya karatasi. Sambusa zilikuwa mezani kati ya mizani na kikapu cha ndizi. Herménégilde aliwakaribisha wote kwa sauti ambayo hakuwa nayo mwezi mmoja uliopita.

"Ndugu Kuria," alisema, "utiaji saini utashuhudiwa na mwenyekiti wa chama. Si jambo dogo."

"Asante, mheshimiwa."

Axel, ambaye hakujua anashuhudia nini, alimpa Herménégilde karatasi yenye tarehe za vikao. "Jumatatu tunakutana kikundi cha chama. Saa kumi na mbili na nusu."

"Asubuhi," alisema Herménégilde, akaandika.

"Jioni. Asubuhi niko darasani."

"Ulikuwa. Sasa umechaguliwa tena, wanafunzi wamepata mwalimu mwingine?"

"Hapana, bado nawafundisha." Axel aliuma sambusa, akafurahi waziwazi. "Hiki ni kipindi changu cha tatu. Huwa nasahihisha madaftari wakati wa hotuba ndefu."

Dancille alipanga upya sambusa ambazo zilikuwa zimepangika.

"Kwa hiyo diwani," alisema Herménégilde polepole, "anabaki na kazi yake."

"Lazima. Ataishi na nini?" Axel alifuta mdomo. "Kuna posho ya kikao, lakini hiyo mke wangu anasema hailipi hata mtunza watoto."

Kuria alielewa Kiswidi vizuri kuliko wenye duka. Alimtazama Herménégilde, akamtazama Dancille, kisha akautazama ukuta ambao vioo vyake vya saluni vingekaa. Herménégilde alikuwa amesimama na kalamu hewani. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya ile tepu, Dancille alitamani angekuwa amemwambia faraghani, kitandani, gizani, pasipo na Mswidi wala Mkenya.

Halafu Herménégilde akavuta pumzi, na mbele ya macho yao akawa mwanasiasa.

"Ndugu Kuria, umesikia mwenyewe. Hapa kwao diwani hatakiwi kujitenga na watu. Anatakiwa abaki pale pale watu walipomzoea. Mimi nilikuwa tayari kujitoa mhanga, niliache duka. Lakini wananchi wamekataa."

"Wananchi gani, mzee?"

"Wote."

"Mimi nilipewa neno."

"Na neno lipo. Limeahirishwa tu."

"Mpaka lini?"

"Kipindi ni miaka minne. Baada ya hapo tutaangalia."

Kuria alijaribu kukasirika. Alikuwa na haki, na kwa muda ilionekana ataitumia. Lakini kicheko kilimponyoka, akatikisa kichwa. "Haki, hawa watu hawakukosea kukuchagua." Akasimama. "Kule Rågsved kuna chumba bado wananishikia. Kidogo, lakini ni sawa."

Axel aliuliza wanasema nini.

"Anakushukuru kwa kufika," alisema Dancille.

Alimfungia Kuria sambusa zote zilizobaki na chupa ya mawese, na alipomrudishia yale mafuta ya nywele Kuria akakataa. Kuhusu fomu alisema wabaki nazo, atachapisha nyingine. Axel aliondoka naye, akimweleza njia fupi ya baiskeli hadi Rågsved, ingawa Kuria alikuwa na gari.

Walipobaki wawili, Herménégilde alikusanya sahani bila kuambiwa.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua nini?"

"Kwamba ni kazi ya jioni."

"Belyse alisema mezani. Kwa Kiswidi kizuri kabisa."

"Belyse ni mtoto."

"Mtoto mwenye kura. Na alikupa."

Akainamisha kichwa. "Ungeniambia, Dancille."

"Na wewe ungeniambia."

Herménégilde alivuta fomu moja ya Kuria, akaisoma juu mpaka chini kwa kidole, jinsi alivyokuwa akisoma Kiswidi kila alipotaka kuhakikisha. Alipofika penye mstari wa mpangaji mpya alishika kalamu, akaandika polepole jina lote la mke wake, na lile la ukoo, kwa herufi kubwa kama za mwanafunzi.

Dancille alilitazama. Jina lake alikuwa amezoea kuliona kwenye barua za kodi na pakiti za dawa.

"Mpangaji mpya," alisema. "Baada ya miaka kumi na moja."

"Fomu ndivyo inavyosema."

"Na mwenye chumba atakubali?"

"Nitampelekea Jumatatu. Hawezi kunizungusha, mimi ni diwani wake."

"Jumatatu si una kikao?"

"Jioni," alisema Herménégilde kwa upole. "Kikao ni jioni."

Dancille akacheka, safari hii bila kushika meza. Aliisoma fomu tena, akaona kwamba chini ya jina lake kulikuwa na mstari wa pili, mtupu. Akamtazama mume wake, aliyesimama pale na sahani mkononi kama mtu anayesubiri matokeo. Akamnyang'anya kalamu, na kwenye mstari ule wa pili akaandika Herménégilde, kwa herufi ndogo kidogo.